Taarifa ya mishahara ya Minnesota Paid Leave: mwongozo kamili kwa mwajiri mdogo

Mama aliyejifungua jana hana nafasi ya kumtafuta mhasibu wako. Anajaza ombi la likizo kwenye simu, mtoto kifuani, na kompyuta ya jimbo inalitafuta jina lake katika taarifa ulizotuma wewe miezi kadhaa iliyopita. Jina likiwemo na hesabu ikiwa sawa, ombi linaendelea. Likikosekana, au namba yake ikiwa imeandikwa kwa mtu mwingine, anaanza kuhangaika na barua na simu wakati ambao anapaswa kulala mtoto akilala.

Hilo ndilo linalonifanya niandike. Wenye biashara wengi wa kwetu hapa Minnesota, mawakala wa huduma za nyumbani kule Brooklyn Park na Brooklyn Center, kampuni za usafi, maduka ya vyakula, hata makanisa, huichukulia taarifa ya robo mwaka kama kodi nyingine ya kulipwa haraka na kusahauliwa. Kodi inahusu fedha zako, lakini taarifa hii ndiyo ushahidi wa mfanyakazi wako kwamba alifanya kazi, kiasi gani, na kwa mshahara gani. Nimetengeneza hesabu za mishahara za biashara ndogo kwa miaka, na makosa niliyoyaona mengi hayakutokana na ubaya wa mtu. Yalitokana na haraka ya siku ya mwisho.

Mpango wenyewe kwa ufupi

Minnesota Paid Leave ni mpango wa jimbo wa kumlipa mfanyakazi anapokuwa likizoni kwa sababu ya ugonjwa au familia. Sheria yake ilitiwa saini na Gavana Tim Walz Mei 2023. Taarifa za kwanza za mishahara kwa ajili ya mpango huu waajiri walitakiwa kuzituma kufikia Oktoba 31, 2024, na malipo kwa wafanyakazi yakaanza Januari 1, 2026. Mfanyakazi anaweza kupata hadi wiki 12 kwa ugonjwa wake mwenyewe au ujauzito, na hadi wiki 12 kwa mambo ya familia kama mtoto mchanga au mzazi mgonjwa, jumla isizidi wiki 20 kwa mwaka. Anayeusimamia ni DEED, idara ya jimbo inayoshughulikia ajira na uchumi, ile ile yenye bima ya ukosefu wa ajira. Ndiyo maana taarifa moja ya mishahara inahudumia mipango yote miwili.

Hatua ya 1: Jua kama unahusika

Karibu kila mwenye mfanyakazi mmoja au zaidi anahusika. Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu wamezoea mipaka ya bima ya ukosefu wa ajira, na mipaka ya mpango huu ni mipana zaidi. Kanisa lenye karani au mlinzi wa kulipwa linahusika, hata kama halijawahi kulipia bima ile. Familia iliyomwajiri yaya vilevile. Biashara yako ikiwa ni wewe peke yako, hujaajiri mtu, hulazimiki, ingawa unaweza kuomba kujiunga kwa hiari ili nawe upate kinga.

Kuna suala la mpaka pia. Kinachotazamwa ni mahali kazi inapofanyika. Mhudumu anayelala Hudson, Wisconsin, lakini zamu zake ziko St. Paul, ni wa Minnesota. Kanuni ya jumla ni kwamba nusu au zaidi ya kazi yake ya mwaka ikifanyika Minnesota, unamwandika.

Sasa suala la fomu 1099, ile ya kuripoti malipo ya asiye mfanyakazi. Najua mazoea yaliyopo: mtu analipwa kama mkandarasi wa kujitegemea, ilhali zamu unampangia wewe, mgonjwa unampa wewe, saa unazihesabu wewe. Huyo ni mfanyakazi, haidhuru mmeandikiana nini. Ukimweka kwenye 1099, jina lake halifiki kwenye taarifa, na siku atakayougua jimbo litauliza alikuwa akifanya kazi kwa nani. Jibu lake litakuwa jina la kampuni yako. Afadhali umweke sawa leo kwa hiari yako.

Kama umechagua mpango binafsi wa bima ulioidhinishwa badala ya ule wa jimbo, taarifa ya mishahara bado unatuma.

Hatua ya 2: Akaunti

Taarifa hutumwa kwa mtandao. Kama tayari una akaunti ya mwajiri kwenye mfumo wa bima ya ukosefu wa ajira, ndiyo hiyo utakayotumia. Kama huna, fungua sasa, usingoje mwisho wa robo. Utahitaji namba ya kodi ya biashara kutoka IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani), anwani, tarehe ya kwanza uliyolipa mishahara, na majina ya wamiliki.

Ukimpa mhasibu au kampuni ya mishahara kazi ya kutuma, mpe ruhusa yake mwenyewe ndani ya mfumo. Usimwazime nenosiri lako. Na wewe mwenye biashara baki na uwezo wa kuingia na kutazama, kwa maana akichelewa yeye, faini inaandikwa kwa jina lako.

Hatua ya 3: Majina na namba

Ningekuwa na saa tatu tu za kuandaa taarifa nzima, mbili ningezitumia hapa.

Kila mfanyakazi anaandikwa kwa jina na namba ya Social Security, yaani namba yake ya hifadhi ya jamii ya Marekani. Inaonekana rahisi mpaka ufike kwenye majina yetu. Mtu ana majina matatu: la ubatizo au la Kiislamu, la baba, la babu. Kwenye kadi ya Social Security yameandikwa kwa mpangilio mmoja, kwenye pasipoti kwa mwingine, na kazini kila mtu anamwita Mama fulani. Ndugu wawili walioajiriwa pamoja wana jina moja la mwisho na herufi moja ya kwanza. Waliotoka kwenye kambi za wakimbizi mara nyingi wamepewa Januari 1 kama siku ya kuzaliwa, kwa hiyo hata tarehe ya kuzaliwa haikusaidii kuwatofautisha.

Fanya hivi. Siku ya kuajiri, iombe kadi yenyewe uione kwa macho yako, kisha nakili jina kama lilivyo, herufi kwa herufi, kwa mpangilio ule ule. Jina analoitwa kazini liandike kwenye safu nyingine ya daftari lako, lisiingie kwenye taarifa. Halafu mwite mtu wa pili asome namba kwa sauti kutoka kwenye kadi huku wewe ukitazama ulichoandika. Niliwahi kukuta kwenye taarifa ya wakala mmoja namba za dada wawili zimebadilishana robo tatu mfululizo. Kwa mwajiri hesabu ilikuwa inalingana hadi senti ya mwisho, kwa sababu jumla haikubadilika. Kosa lilikaa kimya mpaka mmoja wao alipohitaji mishahara yake ionekane.

Aliyefika nchini karibuni na kibali cha kazi huenda akaanza kazi kabla kadi haijafika kwa posta. Weka kikumbusho kwenye kalenda umuulize kila wiki, na kadi ikifika urekebishe rekodi siku hiyo. Usiweke namba ya kubuni kujazia nafasi. Namba ya kubuni inaweza kuwa ya mtu halisi.

Mwandike pia aliyefanya kazi siku mbili tu akaacha. Kila aliyelipwa katika robo hiyo anaingia.

Hatua ya 4: Mshahara uliolipwa, si uliofanyiwa kazi

Soma sehemu hii mara mbili. Unaripoti fedha zilizolipwa ndani ya robo. Zamu za wiki mbili za mwisho wa Machi zikilipwa Aprili 3, zinaingia robo ya pili, ya Aprili hadi Juni, japo jasho lake ni la Machi. Wengi wanaotengeneza taarifa kutoka kwenye karatasi za zamu badala ya orodha ya malipo hukosea hapa, na wakishakosea robo moja, zote zinazofuata zinateleza.

Chukua basi orodha ya malipo yote yenye tarehe ya kulipa kati ya siku ya kwanza na ya mwisho ya robo. Kwa kila mtu jumlisha mshahara ghafi, yaani kabla ya makato yoyote: mshahara wa saa, ovataimu, bonasi, siku za mapumziko ulizomlipa, na bakshishi kwa wenye mikahawa. Usiandike kile kilichoingia benki kwa mfanyakazi. Nimeona mwajiri aliyejumlisha hundi zilizotoka kwenye akaunti yake, akawapunguzia watu wote mishahara bila kujua.

Senti unaruhusiwa kuziacha: dola 9,120.85 inaandikwa 9,120.

Kwa nini tarakimu moja ni nzito kiasi hiki? Jimbo huchukua robo yenye mshahara mkubwa zaidi katika kipindi cha kukokotolea na kuigawa kwa 13 kupata wastani wa wiki. Mhudumu aliyelipwa dola 9,100 katika robo hiyo ana wastani wa dola 700 kwa wiki. Kwa mshahara wa kiwango hicho malipo ya likizo ni asilimia 90, yaani dola 630 kwa wiki. Kwa wiki 12 ni dola 7,560. Chukulia ni mgeni kazini, robo yake ya maana ni moja tu, na kidole chako kikaruka sifuri moja ukaandika 910. Kwa 2026 mtu anatakiwa awe amepata angalau dola 3,900 ndipo astahili. Kwa sifuri ile moja, mfumo unamwambia hastahili kabisa.

Hatua ya 5: Saa

Andika jumla ya saa alizolipwa kwa kufanya kazi katika robo. Saa ya ovataimu ni saa moja, hata kama ililipwa kwa moja na nusu. Zamu ya usiku kwenye nyumba ya watu wenye ulemavu, ukiilipa yote, unaihesabu yote.

Meneja anayelipwa mshahara wa mwezi, asiye na ovataimu kisheria, anaandikiwa saa 40 kwa kila wiki aliyofanya kazi yoyote, kama ni wa muda wote. Robo kamili ya wiki 13 ni saa 520. Kama si wa muda wote, kadiria kwa haki na uandike pembeni ulivyokadiria, ili robo ijayo utumie njia ile ile.

Hatua ya 6: Hesabu ya tarehe 12

Kwa kila mwezi wa robo utaulizwa ulikuwa na wafanyakazi wangapi katika kipindi cha malipo chenye tarehe 12 ndani yake. Tazama orodha ya malipo ya kipindi hicho, hesabu vichwa, andika. Dakika tano.

Hatua ya 7: Kutuma

Tarehe za mwisho ni Aprili 30, Julai 31, Oktoba 31 na Januari 31, yaani siku ya mwisho ya mwezi unaofuata robo. Zinaendana na zile za fomu 941 ya IRS, ile ya kodi za mishahara ya kila robo, kwa hiyo zifanye siku moja: jumla ya mishahara kwenye fomu hizo mbili zilinganishe. Zikitofautiana na huna maelezo, usitume bado.

Mwenye wafanyakazi wachache anaweza kuandika mstari mmoja mmoja moja kwa moja kwenye tovuti. Wakiwa wengi, programu ya mishahara itakutolea faili la kupakia. Ukipakia faili, fungua kwanza ulitazame kwa macho: safu ya namba za Social Security isiwe imepoteza sifuri za mwanzo, kosa ambalo programu za jedwali hulifanya kila mara, na safu ya saa isiwe imebadilishana na ya mshahara.

Robo ambayo hukumlipa mtu yeyote, tuma taarifa hata hivyo, ikionyesha hakuna mishahara. Ukimya wako mfumo hausomi kama sifuri. Unausoma kama kuchelewa. Biashara ikifungwa, iarifu idara ifunge akaunti.

Mimi hulenga siku ya 15 ya mwezi. Zinabaki wiki mbili za kurekebisha, na mtandao ukigoma siku ya mwisho hainihusu.

Hatua ya 8: Makato na malipo

Kiwango cha 2026 ni asilimia 0.88 ya mshahara, hadi kikomo cha mshahara unaotozwa kodi ya Social Security, ambacho mwaka huo ni dola 184,500 kwa mtu. Angalau nusu analipa mwajiri, na inayobaki unaweza kumkata mfanyakazi, isizidi asilimia 0.44. Mhudumu mwenye hundi ya dola 1,520 kwa wiki mbili anakatwa dola 6.69. Asilimia ya makato lazima iwe sawa kwa wafanyakazi wako wote, na makato yasimshushe mtu chini ya kima cha chini cha mshahara.

Mwajiri mwenye wafanyakazi 30 au pungufu, ambaye wastani wa mishahara yake hauzidi asilimia 150 ya wastani wa jimbo, anapata nafuu: kiwango chake ni asilimia 0.66, na sehemu yake mwenyewe inaweza kushuka hadi 0.22. Chukua wakala mwenye watu 12 aliyelipa mishahara ya dola 110,000 katika robo. Kwa kiwango cha kawaida anadaiwa dola 968, ambapo wafanyakazi wanachangia 484 na yeye 484. Akiwa na nafuu, deni ni dola 726: wafanyakazi 484 ile ile, yeye 242. Angalia kwamba nafuu hii ni ya mwajiri. Mfanyakazi hakatwi zaidi kwa ajili yake. Na mishahara na idadi ya watu inayokupa au kukunyima nafuu hiyo inatoka kwenye taarifa zako mwenyewe.

Malipo ya kwanza, ya Januari hadi Machi 2026, tarehe yake ilikuwa Aprili 30, 2026, na yanaendelea kila robo kwa tarehe zile zile za taarifa. Fedha ulizowakata wafanyakazi ziweke akaunti ya pembeni. Hizo si zako hata siku moja, na kodi ya nyumba ya ofisi isiziguse.

Mfanyakazi ana haki ya kupewa maelezo ya maandishi kuhusu mpango huu kwa lugha yake ya kwanza. Kwa anayetoka Bukavu au Kigoma, hiyo ni haki ya kusoma kwa Kiswahili, na wewe unayekijua huna kisingizio cha kumpa karatasi ya Kiingereza asaini bila kumweleza.

Hatua ya 9: Ukichelewa au ukikosea

Ukichelewa kutuma, faini ni dola 10 kwa kila mfanyakazi, isipungue dola 250. Yule wakala wa watu 12 asitarajie 120, atadaiwa 250. Ukituma ndani ya siku 30 baada ya kupewa barua ya kudai taarifa, faini hiyo hufutwa, ingawa nafasi ya kufutiwa haizidi mara mbili katika miezi 12. Taarifa ya mtu ikiwa na upungufu au makosa, ada ni dola 25 kwa kila mtu. Ukimwacha mtu kabisa, ni asilimia 2 ya mshahara wake wa robo.

Barua zikija, zifungue. Nasema hivi kwa upole lakini kwa dhati: nimepewa mfuko wa plastiki wenye bahasha za miezi minane ambazo hazijafunguliwa, na karibu kila jambo lililokuwemo lingemalizika kwa dakika kumi kama lingefanywa kwa wakati.

Kosa ukiligundua mwenyewe, lirekebishe. Ingia kwenye akaunti, chagua robo husika, badilisha mstari wa mtu huyo na ueleze sababu. Usijaribu kulifidia kwa kuongeza fedha kwenye robo inayofuata. Jumla ya mwaka itaonekana sawa, lakini robo mbili zitakuwa zimeharibika badala ya moja.

Hatua ya 10: Hifadhi, kisha mwonyeshe

Hifadhi uthibitisho wa kutuma, faili lenyewe, orodha ya malipo uliyoitumia na risiti ya malipo, vyote kwenye folda moja yenye jina la robo. Januari, kabla ya kumpa kila mfanyakazi fomu W-2 ya mshahara wake wa mwaka, jumlisha robo nne za kila mtu na uzilinganishe na W-2 yake.

Na mfanyakazi akikujia mwezi wa Mei kukwambia ni mjamzito na anatarajia Oktoba, mpongeze, kisha siku hiyo hiyo mketi pamoja ufungue taarifa zako. Mfiche majina ya wengine, mwonyeshe mstari wake: jina, namba, mshahara, saa, robo kwa robo. Mwache alete hati zake za mshahara alinganishe mwenyewe. Mkikuta kasoro, mna miezi mitano ya kuirekebisha.